Fundi wa dhahabu, piga alama yako

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa Kampala aliandika katika ukurasa huu kwamba hatapeleka tena dhahabu yake kwa fundi wa mkono. Alipeleka mkufu wa gramu 12 uliokatika, akataka bangili, akarudishiwa bangili ya gramu 9 na maelezo mengi. Akamaliza kwa kuwashauri wenzake wanunue vya dukani, vilivyotoka Dubai, vyenye namba ya usafi wa dhahabu iliyogongwa juu yake.

Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Mimi ni fundi wa mkono. Nina meza moja, mtungi mmoja wa gesi na mwanafunzi mmoja, hapa Busia upande wa Uganda, na kazi hii imenilisha kwa miaka 26, ikanisomeshea watoto watatu. Namjibu msomaji huyo kwa heshima, kwa sababu nusu ya aliyoyasema ni kweli, na nusu hiyo hatuisemi sisi wenyewe tulio katika kazi.

Kwanza nieleze nilikotoka. Marehemu baba aliingia kazini Mbale akiwa kijana, kwa sonara wa Kihindi. Hakuchukuliwa kufua dhahabu. Alichukuliwa kufagia, kuwasha makaa na kung'arisha pete zilizokwisha kufuliwa. Kila jioni vumbi la sakafu yote lilifagiwa kwa ufagio laini na kutiwa ndani ya debe, hata vumbi la kwenye nyayo za wafanyakazi. Mwisho wa mwaka debe lilichomwa, majivu yakaoshwa na kuyeyushwa, na baba alikuwa akituambia kwamba katika taka ile ilipatikana dhahabu ya kulipa kodi ya duka kwa miezi. Agosti 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, yule sonara alimwita baba usiku, akampa fuawe ndogo ya kufulia madini na chamburo cha kuvutia waya, akamwambia amtunzie. Hakurudi.

Chamburo hicho ndicho ninachokitumia hadi leo. Ni kipande cha chuma kirefu kama kiganja, chenye matundu 40 yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo. Unachonga ncha ya fimbo ya dhahabu, unaipitisha katika tundu, unaikamata kwa koleo upande wa pili na kuivuta kwa uzito wa mwili wako wote. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata, hadi waya uwe mwembamba kama uzi wa cherehani. Matundu matatu ya katikati yameliwa kwa kuvutwa, hayashiki tena. Baba alijifunza kukitumia kwa kukumbuka tu aliyoyaona akiwa na ufagio mkononi. Wengi wa rika lake walijifunza hivyo. Waliojua kazi walikwenda, wakabaki wapiga msasa na wawasha moto. Kuna namna za kutega kito kikae imara kwenye pete ambazo baba alizitazama zikifanywa kwa miaka, na alikufa hajaziweza. Mimi mbili kati ya hizo nimezipata kwa kuharibu fedha nyingi, na moja nimeonyeshwa na fundi wa Mombasa.

Sasa niseme kinachotokea dhahabu yako inapoingia mezani kwangu, maana naona msomaji yule hakuwahi kuonyeshwa.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wanaotaka kuoana. Bwana harusi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tororo, bibi harusi anauza vitenge hapa sokoni. Walikuja na vipuli vya bibi yake yule kijana, vizito, vya kizamani, kimoja kimevunjika kulabu. Wakaniuliza, "Mama fundi, vitatoa pete mbili?"

Nilivisugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, pembeni nikasugua sindano yangu ya kulinganishia, ambayo najua dhahabu yake ni karati 22, nikadondoshea asidi juu ya michirizi yote miwili. Ikabaki sawasawa, rangi haikufifia. Nikaweka vipuli kwenye mizani, wao wakisoma namba wenyewe: gramu 7.2. Karati 22 maana yake katika sehemu 24, sehemu 22 ni dhahabu, mbili ni madini mengine. Kwa hiyo ndani ya zile gramu 7.2 kulikuwa na gramu 6.6 za dhahabu tupu. Niliwaandikia hesabu hiyo kwenye daftari, kwa herufi kubwa.

Nikawashauri pete ziwe za karati 18. Huyu anashika chaki na jembe, huyu anafungua marobota ya nguo kila asubuhi, na karati 22 ni laini, inapinda na kuchubuka. Karati 18 ni robo tatu dhahabu, na ndiyo sababu hugongwa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000. Gramu 6.6 za dhahabu tupu zinatoa gramu 8.8 za karati 18. Nikaongeza gramu 1.6: nusu shaba nyekundu, nusu fedha. Hapo ndipo mteja wengi wetu humpoteza. Akiona uzito umeongezeka anashangaa, akiona umepungua anaita polisi, na hakuna aliyekaa naye dakika tano na kalamu.

Nilipowasha moto niliwaambia wasiondoke. Vipuli vilikaa ndani ya chungu kidogo cha udongo mgumu, juu yake nikanyunyiza boraksi kidogo ili uchafu ujitenge na hewa isiguse madini. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064. Ikishachanganywa na shaba na fedha inawahi kidogo. Kwanza haionyeshi lolote. Halafu kingo zinalegea, nakshi za bibi zinazama, na ghafla vipande vyote vinakimbiliana na kuwa tone moja la mviringo, linalong'aa na kutetemeka kama kiini cha yai ndani ya bakuli. Bibi harusi alishika mkono wa mwenzake hapo. Yule kijana alitazama pembeni. Vile vipuli alikuwa ameviona masikioni mwa bibi yake maisha yake yote. Nikamngoja kidogo, kisha nikamimina kwenye kalibu niliyoipaka mafuta.

Kipande kilichotoka kalibuni nilikifua juu ya ile fuawe ya Mbale. Dhahabu ukiigonga inakakamaa, ukiendelea kuigonga bila kuipumzisha inapasuka. Kwa hiyo unaigonga, unaihisi mkononi inaanza kukataa, unairudisha motoni hadi iwe nyekundu ya kufifia, unaizamisha majini, unaanza tena. Kwa pete hizo mbili niliirudisha motoni mara tisa. Hakuna saa ya kukuambia sasa. Ni mlio wa nyundo unaobadilika. Mwanafunzi wangu ana mwaka wa pili na ndiyo kwanza ameanza kuusikia.

Kisha chamburo, kisha kuzungusha waya kwenye mti wa kupimia pete, kukata, kukutanisha ncha mbili zisibakize hata upenyo wa unywele, na kulehemu. Lehemu niliitengeneza kwa dhahabu ileile yao, karati ileile. Nikazichemsha pete ndani ya maji ya ukwaju mpaka weusi wa moto ukatoka. Kuna asidi ya dukani inayofanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini ukwaju nimerithi na mapafu yangu yanaupenda. Kisha tupa ya kukwangulia, msasa wa aina nne, kitambaa. Siku tatu.

Walipokuja Jumamosi nilipima mbele yao. Pete ya mume gramu 4.6, ya mke 3.1, jumla 7.7. Ndani ya karatasi niliyoikunja kulikuwa na vipande na unga wa tupa, gramu 0.9, mali yao. Gramu 0.2 sikuweza kuzipata. Zilikwenda na moto na msasa, nikaziandika hivyo hivyo. Zote ni 8.8. Walinipa unga kama sehemu ya ujira, tukakubaliana bei yake kwa kuangalia bei ya soko ya siku hiyo kwenye simu ya bwana harusi.

Bibi harusi alikuwa ametaka tanzanaiti juu ya pete. Nilimkataza, na nasema hapa kwa faida ya wengine kwa sababu vijana wengi siku hizi wanaiomba. Ni kito chetu cha Afrika Mashariki, kinachimbwa Mirerani huko Tanzania na si kwingine popote duniani, na hakuna rangi ya buluu inayonipendeza kuliko yake. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, na vumbi la barabara zetu limejaa chembe za kwatzi, madini ya mchanga, zenye ugumu wa 7. Vaa tanzanaiti kidoleni Busia kila siku, na baada ya miaka michache uso wake utakuwa na ukungu. Shingoni au masikioni itakaa. Amesema atarudi kwa kidani wakijaliwa mtoto.

Sasa nije kwenye ile nusu ya kweli.

Mafundi tunaiba. Huko India wana methali kwamba sonara haachi kuiba hata dhahabu ya dada yake, na waliolazimika kutunga methali hiyo waliona kitu. Nilipokuwa msichana, kabla ya kuwa na meza yangu, nilifanya kazi miezi minane katika karakana moja ambayo siitaji, nikaona inavyofanyika. Shaba inaongezwa kidogo kuliko ilivyosemwa. Lehemu inawekwa ya karati ya chini, na katika mkufu wenye pingili mia mbili, lehemu ni nyingi. Unga wa tupa unaangukia ngozi iliyotandikwa chini ya meza, mteja akiuliza anaambiwa umeungua. Bangili inafanywa na uwazi ndani, inauzwa kwa maneno ya iliyojaa. Mizani inageuzwa mgongo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji ufundi mkubwa, na zote zinawezekana kwa sababu moja tu: kazi ikishatoka mlangoni, hakuna kitu juu yake kinachosema nani aliifanya.

Hata hivyo duka la kioo si kimbilio, ndugu msomaji. Mwaka jana alinijia mama wa makamo akiwa na bangili aliyoinunua mjini katika duka lenye taa nyingi, imegongwa 18K ndani, yaani karati 18, alitaka niikate nimpunguzie kwa kuwa ilikuwa pana. Nilipoweka tupa, tabaka la njano lilitoka kama ngozi ya kitunguu, chini yake rangi nyingine. Nikadondosha asidi, ikachemka kijani. Shaba ya njano, iliyopakwa dhahabu. Mama yule hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniambia fedha ile ilikuwa mavuno ya misimu miwili ya kahawa. Alirudi dukani, wakamwambia wao ni wauzaji tu, hawajui iliyotengenezwa wapi. Alikuwa na namba, lakini nyuma ya namba hakukuwa na mtu.

Muhuri wa 750 au 18K ni kipande cha chuma tu. Unanunuliwa kama tupa inavyonunuliwa, na yeyote anaweza kuugonga juu ya chochote. Kinachoupa uzito ni alama ya pili pembeni yake, ya aliyeigonga. London waliliona hilo zamani sana: tangu mwaka 1300 sheria ya mfalme wao ilitaka kazi ya fedha ipimwe na kugongwa kichwa cha chui kabla haijauzwa, na baadaye kila fundi akatakiwa kugonga alama yake mwenyewe. India, walikotoka walimu wa baba yangu, walianza kulazimisha muhuri wa dhahabu Juni 2021, wilaya baada ya wilaya, na sasa kila kipande hupewa namba yake pekee yenye alama sita, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganywa.

Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Mimi nilianza miaka 11 iliyopita. Nilimwendea fundi anayechonga mihuri ya chuma, nikamwomba nukta tatu ndani ya duara, kwa ajili ya yale matundu matatu yaliyoliwa. Kila kinachotoka mezani kwangu kina karati yake na nukta tatu, na daftarini kuna tarehe, uzito ulioingia, uzito uliotoka na sahihi ya mwenye mali. Mwaka wa kwanza nilipoteza wateja. Wauzaji wawili waliokuwa wakinunua pete zangu kwa jumla walisema hawataki alama ya mtu mwingine kwenye mali ya duka lao. Mmoja alizisugua nukta zangu zote kwa msasa kabla ya kuziweka kwenye kabati. Sikumuuzia tena. Ilinichukua karibu miaka miwili kupata wateja wanaokuja wenyewe, na miezi mingine wakati huo tulikula mihogo asubuhi na jioni. Sijutii.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu, wa Mbale, Jinja, Arua, Mbarara, na hasa nyinyi vijana wa Kampala mnaofanya kazi peke yenu kwenye vyumba vya kupanga. Nimeziona kazi zenu. Nimeona kipuli cha pembe ya ng'ombe wa Ankole, imelainishwa hadi inapitisha mwanga kama asali, ukingo wake ukiwa fedha ya 925. Nimeona bangili za shaba zilizofuliwa kwa mikono ambazo sijui kama mimi ningeweza. Baadhi yenu mmejifunza kwa kutazama video usiku, hamkubahatika kukaa karibu na mzee wa kuwagonga vidole, na bado mmefika. Lakini nikageuza kile kipuli cha pembe nyuma, hakikuwa na kitu. Kesho kitanakiliwa, na wewe hutakuwa na la kusema. Chonga alama yako. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa wakubwa wa viwango ninalo ombi moja. Ninapotaka kuthibitisha kazi yangu kwa mashine ya mionzi, ile inayosoma karati bila kukwaruza, napanda gari hadi Kampala na kupoteza siku nzima. Nchi hii kwa miaka kadhaa sasa dhahabu imekuwa ikiipatia fedha za kigeni kuliko kahawa. Machimbo ya Tiira yako katika wilaya hii hii ninayokaa, nawaona wanawake wakiosha mchanga kwenye mabeseni, wakiuza kwa pointi, kumi katika gramu, mikono yao ikiwa imeshika zebaki ya kunasia dhahabu. Mashine moja ya kupimia ikiwekwa Busia au Mbale, mchimbaji angejua anauza nini, fundi angejua ananunua nini, na yule mama wa bangili angejua kabla hajalipa.

Niwe mwadilifu kwa mashine pia. Mkufu mwembamba wa kuvaa kila siku nunua wa mashine. Pingili zake ni sawa kuliko zangu na bei ni nafuu. Bangili nyembamba za seti ya sita, vivyo hivyo. Njoo kwa fundi wa mkono ukiwa na kitu cha mtu unayemkumbuka, au kidole ambacho pete za dukani hazikitoshi, au kazi unayotaka ikivunjika baada ya miaka 20 ujue pa kuipeleka. Na ukija, usimwachie dhahabu fundi anayeficha mizani. Uliza karati. Uliza unga wa tupa unakwenda wapi. Fundi akikasirika kwa maswali hayo, chukua mali yako uondoke.

Yule msomaji wa Kampala, kama bado anayo ile bangili ya gramu 9, namkaribisha Busia. Nitaipima, nitaisugua kwenye jiwe yeye akitazama, na nitamwandikia kilichomo ndani, bila malipo. Inawezekana gramu zake 3 ziliibwa, na inawezekana mkufu wake ulikuwa na lehemu chafu iliyobidi kutolewa na hakuna aliyemweleza. Jiwe litatuambia. Niko njia ya kwenda sokoni, mlango wa buluu, siku zote isipokuwa Ijumaa mchana.

Fundi wa Nukta Tatu,
Busia, Uganda